Tuwajue kwanza ndege wa dirishani, kisha tusafiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo kurasa za safari za magazeti hulitaja mara kwa mara, lakini kwa upande mmoja tu. Kila inapoandikwa habari ya kutazama ndege, msomaji huonyeshwa hifadhi ya mbali, ziwa lililofurika heroe, au msitu ambao kuufikia kunahitaji siku mbili za mwendo, na huachwa akiamini kwamba starehe hii ni ya wenye nafasi na uwezo wa kusafiri. Sipingi uzuri wa mahali hapo, kwa kuwa baadhi nimepafika na sikujuta hata mara moja. Ninachotaka kusema ni kwamba utazamaji wa ndege huanzia nyumbani, na kwamba anayeiruka hatua hiyo, hata akienda mwisho wa dunia, hurudi na nusu tu ya kile alichokifuata.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kinyume. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa ya kusafiri, nami nilijizoesha kubeba darubini ndogo na daftari, ili saa za kusubiri zisipotee bure. Daftari lilijaa majina ya ndege niliowaona mbali, kila jina likiwa na tarehe yake, na nililithamini kama watu wengine wanavyothamini albamu ya picha. Lakini kila niliporejea nyumbani, darubini ilirudi kabatini na kukaa humo hadi safari nyingine. Haikunijia hata siku moja kwamba juu ya paa langu kulikuwa na jambo lolote la kuandikwa.

Kisha nikapata mgeni, mtu niliyefahamiana naye katika mojawapo ya safari hizo. Asubuhi ya kwanza niliamka nikamkuta ameshakaa barazani tangu kabla ya jua kuchomoza, kimya, na daftari lake likiwa wazi juu ya paja. Alikuwa ameandika aina 17 za ndege bila kuinuka kitini. Akaniuliza kwa heshima majina ambayo wenyeji huwaita ndege hao, nami niliweza kumtajia matano. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, nadhani walikuwa na maana pana kuliko tunavyofikiri, kwa maana asubuhi ile niliponywa upofu ambao sikujua kama ninao.

Miongoni mwa hao 17 walikuwamo wawili ambao mimi niliwaita wote mbayuwayu tangu utotoni. Mgeni wangu alinionyesha kwa subira kwamba mmoja alikuwa mbayuwayu kweli, na mwingine alikuwa teleka, na kwamba hata si wa familia moja. Mbayuwayu hugeuka ghafla angani kama aliyekumbuka kitu alichokisahau, huinama karibu na ardhi kufukuza wadudu, na akitaka kupumzika hutua juu ya waya pamoja na wenzake. Teleka ana mabawa marefu membamba yaliyopinda kama mundu, huyashikilia kwa ugumu anapoteleza, na huwezi kumwona ametulia juu ya waya, kwa sababu miguu yake ni mifupi mno na vidole vyake vimeumbwa kwa kung'ang'ania ukuta au mwamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden waliwafunga teleka wa Ulaya vifaa vidogo vya kurekodi mwendo, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016 walionyesha kwamba baadhi ya ndege hao walikaa angani miezi 10 mfululizo bila kutua, wakila humohumo hewani. Jamii ya ndege wenye uwezo huo ilikuwa ikipita juu ya nyumba yangu kila jioni, nami nilikuwa nikitumia siku na nauli kwenda kutafuta maajabu kwingine.

Watu husema macho hayana pazia. Kwa mambo mengine nakubali, lakini kwa ndege naona kwamba pazia lipo, nalo ni kutojua jina. Kabla hujajua kwamba huyu ni teleka na yule ni mbayuwayu, macho yako hupokea vitu vyeusi vinavyoruka, basi. Ukishajua, hutaweza tena kutoviona. Utamtambua teleka kwa pembe ya jicho ukiwa unavuka barabara, na utajikuta unasimama. Furaha hii ya kutenganisha kitu kimoja kuwa viwili ni kubwa, na haimgharimu mtu chochote isipokuwa utulivu.

Hata historia ya elimu ya ndege inaniunga mkono. Katika karne ya 18 aliishi kijijini Selborne, Uingereza, kasisi aliyeitwa Gilbert White, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia katika kijiji hicho na viunga vyake. Kulikuwa na ndege wadogo wa rangi ya kijani hafifu ambao wataalamu wa siku zake hawakuwa wamewatenganisha vizuri, kwa kuwa kwa macho wanafanana mno. White aliwasikiliza msimu baada ya msimu, akagundua kwamba nyimbo zao ni tatu tofauti, na hivyo kwamba ndege wenyewe ni aina tatu. Jambo hilo halikufichuliwa na msafiri aliyevuka bahari, bali na mtu aliyekuwa tayari kusikiliza miti ileile mwaka mzima.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye kusikiliza, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya macho pekee. Saa nzuri kuliko zote ni ile kabla ya jua kutokeza, wakati hewa imetulia, kelele za watu hazijaanza, na sauti ya ndege mdogo husafiri mbali kuliko itakavyosafiri saa mbili baadaye. Madume wengi huimba wakati huo ili kutangaza mipaka ya eneo lao na kuwajulisha majike kwamba wapo. Ukikaa mahali pamoja kwa wiki chache utagundua kwamba ndege hawaanzi wote kwa pamoja: kuna anayetangulia gizani, kuna wanaomfuata, na kuna wanaosubiri mwanga kamili. Mimi sasa huweza kukadiria saa kitandani bila kutazama simu. Siku ambayo sauti mojawapo imekosekana katika mpangilio huo, huamka nikiwa na shauku ya kujua kumetokea nini.

Mchana una mambo yake, na mengi hayahitaji hata darubini. Mtazame njiwa akinywa maji. Ndege walio wengi huchota maji kwa mdomo, kisha huinua kichwa ili yateremke kooni, lakini njiwa hutumbukiza mdomo na kufyonza mfululizo bila kuinua kichwa. Niliwaona njiwa wakinywa kwa zaidi ya miaka 40 bila kuitambua tofauti hiyo. Mtazame shomoro dume mwenye bibu jeusi kooni na mwenzake wa kike asiye na alama hiyo, wakigawana kazi ya kulisha makinda ndani ya tundu la ukutani. Hesabu ni mara ngapi wanaingia na kutoka kwa saa moja, na wameleta nini mdomoni. Utaona kwamba ndege ambaye mkubwa wake hula mbegu na makombo huwaletea watoto viwavi na wadudu laini, kwa kuwa kinda haliwezi kukua vizuri bila chakula hicho. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini bustani iliyonyunyiziwa sumu ya wadudu kila wiki huwa na mbegu tele lakini haina vifaranga.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Darubini yenye maandishi 8x42 humtosha mtu yeyote, namba ya kwanza ikiwa na maana kwamba huvuta kitu karibu mara nane na ya pili kwamba lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42, jambo linaloamua wingi wa mwanga unaoingia. Zenye nguvu kubwa zaidi hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo, kwa hiyo anayeanza humpoteza ndege kabla hajamwona. Programu za simu zinazotambua sauti, kama Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ni msaada mzuri, ila zichukuliwe kama rafiki anayekisia, si kama hakimu. Daftari na kalamu vina faida kuliko vyote, kwa sababu mkono unaoandika huwalazimisha macho kurudi kwa ndege mara ya pili.

Sasa niingie katika safari, kwa maana sitaki msomaji afikiri kwamba nawashauri watu wakae ndani. Duniani kuna takriban aina 11,000 za ndege, na hakuna dirisha litakaloonyesha hata sehemu ya kumi yake. Hoja yangu ni kwamba ndege wa nyumbani ndio kipimo ambacho msafiri hubeba kichwani. Mtazamaji mzoefu akimwona ndege asiyemjua, swali lake la kwanza huhusu umbo na ukubwa, na jibu lake hutolewa kwa ndege anaowajua: ni mdogo kuliko shomoro, yuko kati ya shomoro na njiwa, ni mkubwa kama kunguru. Rangi hudanganya, kwa kuwa hubadilika kwa mwanga, kwa umri na kwa msimu. Kipimo hakidanganyi, lakini ni lazima kiwe kimechongwa nyumbani, kwa kumtazama shomoro huyohuyo hadi umbo lake liwe limekukaa kichwani. Asiye na kipimo hicho hufika msituni, huonyeshwa ndege 60 kwa siku moja na kiongozi hodari, na jioni huwa hawezi kumwelezea hata mmoja.

Ndiyo maana siku ya kwanza mahali pageni mimi sikimbilii popote. Hutafuta kiti, ngazi au jiwe karibu na nilipolala, na kuwatafuta kwanza wale ninaowajua. Mara nyingi wapo. Shomoro amesambaa katika mabara yote isipokuwa Antaktika, sehemu nyingi akiwa amepelekwa na binadamu. Yangeyange, ambaye asili yake ni Ulimwengu wa Kale, yaani Afrika, Asia na Ulaya, alivuka Bahari ya Atlantiki kwa mabawa yake mwenyewe, akaonekana Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na sasa hufuata ng'ombe huko kama anavyowafuata Afrika. Kozi, ambaye akijitupa kutoka juu kumfuata ndege mwingine hupita kilomita 300 kwa saa, huzaa kwenye majabali ya pwani na vilevile kwenye kingo za majengo marefu katikati ya miji mikubwa. Kumkuta kozi juu ya jengo katika mji ambao humjui mtu hata mmoja hukuondolea upweke kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Baada ya kuwatambua hao, wageni hujitokeza wenyewe, kwa kuwa sauti isiyo ya mtu unayemjua husikika mara moja ndani ya chumba cha jamaa.

Nakumbuka safari moja ambayo basi letu liliharibika na tukakaa kando ya barabara kwa muda wa saa sita, abiria wengine wakiwa wamekasirika, na kwa haki. Mbele yetu palikuwa na mti mmoja wenye viota vya kwera vinavyoning'inia. Niliona dume likichana ukanda wa jani bichi, likirudi nao, likiufunga na kuupitisha kwa mdomo kama mshonaji, kisha likipiga mabawa likiwa limening'inia chini ya kazi yake ili jike lije kukagua. Jike lilifika, likavuta ukuta, likaondoka. Baadaye dume lilianza kukibomoa kiota chake lenyewe. Mtoto mmoja aliyekuwa amechoka kulia alikuja kusimama karibu nami, nikampa darubini, na hatukuizungumzia tena injini. Kama nisingekuwa nimezoea kukaa dirishani kwangu bila kungoja jambo kubwa, nina hakika ningeyakosa yote hayo.

Kwa wenye uwezo wa kupanga safari kwa ajili ya ndege, nashauri wafikirie mahali ambapo njia za uhamaji hubanwa. Tai, mwewe na korongo husafiri kwa kuelea juu ya hewa moto inayopanda kutoka ardhini, kwa sababu kupiga mabawa mwili mzito kwa maelfu ya kilomita kungewamaliza nguvu. Hewa hiyo haipandi hivyo juu ya bahari, kwa hiyo ndege hawa huikwepa bahari na kukusanyika palipo na mwambao mwembamba au mlango wa bahari. Hujazana Gibraltar wanapovuka kati ya Ulaya na Afrika, na Bosphorus penye mji wa Istanbul. Karibu na Batumi nchini Georgia, kati ya milima na Bahari Nyeusi, hupita zaidi ya ndege wawindaji milioni moja kila majira ya vuli, na Veracruz nchini Meksiko huhesabiwa mamilioni kadhaa. Ndege huzunguka kwa makundi ndani ya nguzo moja ya hewa hadi wakawa vidoa, kisha huachia na kuteleza mstari mmoja hadi nguzo nyingine. Ajabu ni kwamba mtu akiisoma kanuni hiyo kwa mwewe wawili wanaozunguka juu ya mtaa wake saa nne asubuhi, ataielewa Batumi kabla hajafika.

Tena kuna jambo linalounganisha nyumbani na safari kuliko hoja zangu zote, nalo ni kwamba ndege wenyewe hawatofautishi. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani, ili atakayempata mmoja aandike barua. Mei 1911, katika nyumba moja ya Staffordshire, Uingereza, John Masefield alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa akizaa hapo. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini. Gramu 20 hivi za manyoya na misuli zilikuwa zimevuka Jangwa la Sahara, na watu wa nyumba mbili zilizo mbali kiasi hicho waligundua kwamba walikuwa na ndege mmoja. Tangu hapo elimu imesonga mbele: mwaka 2022 ndege kijana wa jamii ya sululu, mwenye kifaa cha setilaiti mgongoni, aliondoka Alaska na kufika Tasmania baada ya siku 11 na kilomita 13,560 bila kutua popote. Hata hivyo ni mbayuwayu wa Staffordshire anayenigusa zaidi, kwa sababu alikuwa wa nyumbani pande zote mbili. Ninapomwona mbayuwayu kwenye waya najua kwamba mtu fulani ninayeweza kumwita jirani, ijapokuwa hatutaonana, anamwona kuwa wake.

Najua kuna watakaosema kwamba raha kamili ni ya wale wanaotafuta orodha ndefu, na mfano wao ni Phoebe Snetsinger wa Marekani, aliyekuwa mtu wa kwanza kuona zaidi ya aina 8,000 za ndege. Alianza mwaka 1981 kuzunguka dunia kwa bidii baada ya madaktari kumwambia kwamba saratani imembakizia muda mfupi, akaishi miaka 18 zaidi, na alifariki mwaka 1999 katika ajali ya gari nchini Madagaska akiwa katika safari ya kutazama ndege. Namheshimu sana. Lakini watu husahau mwanzo wake: mwaka 1965, akiwa mama wa nyumbani mwenye watoto wadogo, jirani yake alimpa darubini na kumwonyesha ndege mdogo mwenye koo la rangi ya moto aliyekuwa mtini karibu na hapo walipoishi. Aina zote 8,000 zilipitia tundu la darubini hiyo ya kuazima.

Mtazamaji wa nyumbani ana thamani nyingine ambayo msafiri hana: yeye ndiye anayejua kilichopungua. Krismasi ya mwaka 1900, Frank Chapman alipendekeza kwamba badala ya watu kushindana kuwapiga ndege risasi siku hiyo, wawahesabu. Watu 27 walijitokeza Amerika ya Kaskazini, na zoezi hilo linaendelea hadi leo likiwa na makumi ya maelfu ya washiriki. Uingereza, shirika la kulinda ndege liitwalo RSPB tangu mwaka 1979 huwaomba wananchi wakae saa moja tu dirishani au bustanini mwishoni mwa Januari. Kutokana na saa hizo ndogo ilijulikana kwamba shomoro, ndege ambaye kila mtu alidhani hawezi kupungua, wamepungua kwa zaidi ya nusu. Takwimu za kuhesabu kwa miaka mingi ndizo zilizowawezesha wanasayansi mwaka 2019 kueleza kwamba Amerika ya Kaskazini ilikuwa na ndege karibu bilioni tatu pungufu ikilinganishwa na mwaka 1970. Mgeni anayepita siku tatu huona ndege wengi na kufurahi. Mwenyeji ndiye mwenye kumbukumbu ya jana, endapo ameiandika.

Na anayewapenda ndege wa kwake hana budi kuwatendea wema. Vioo vya madirisha huua mamia ya mamilioni ya ndege kila mwaka nchini Marekani pekee, kwa kuwa ndege huona taswira ya anga na miti akadhani njia ni wazi. Alama ndogondogo zilizobandikwa upande wa nje wa kioo, zikiachana kwa sentimita tano tu, huwaokoa wengi. Paka akae ndani, angalau msimu wa makinda. Safarini nako tuwe na haya: tusisogelee kiota kwa ajili ya picha, wala tusimchezee ndege sauti ya simu ili ajitokeze, kwa kuwa hudhani amevamiwa na mpinzani na huacha kazi yake kumtafuta adui asiyekuwepo. Nimewahi kuona kundi la wageni likimwita ndege mmoja kwa njia hiyo hadi mara 20. Alijitokeza kila mara, amevimba manyoya, na kila mtu alipata picha yake. Nilifunga daftari langu sikuandika jina lake.

Kwa hayo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Tafadhali tenga pembe ya ukurasa mmoja kila wiki, hata aya mbili tu, ambamo wasomaji wataandika ndege waliyemwona kutoka mahali wanapoishi: jina lake kwa lugha yetu na majina mengine anayoitwa, saa aliyoonekana, na alichokuwa akifanya. Makala za mbali ziendelee, nami nitazisoma kama kawaida. Siku ya Ndege Wahamaji Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, na ingefaa pembe hiyo ianze na mojawapo ya siku hizo, wakati ndege wengi wako njiani na hata dirisha la ghorofani linaweza kupata mgeni. Majina mengi ya ndege katika Kiswahili yamebaki vinywani mwa wazee na watoto wachungaji, na mengine hutumika kwa ndege tofauti kutoka mahali hadi mahali. Kuyachapisha pamoja na maelezo ya ndege mwenyewe kungekuwa msaada mkubwa kwa walimu.

Iwapo utakubali, nitakuletea ya kwanza. Ni habari ya jozi ya shomoro wanaokaa katika tundu la hewa juu ya mlango wangu, ambao nimeanza kuhesabu mara wanazoingia na kutoka kila asubuhi kati ya saa moja na saa mbili, na makinda yao bado hayajaruka.

Ni mimi,
Msomaji wako wa siku nyingi